Matairi ya Lami kwa Njia ya Ngao

Siku ya soko Garsen hujaa mbuzi, bodaboda na akina mama wenye madumu ya maziwa. Siku moja ya namna hiyo pikapu nyeupe ilishindwa kusonga, ikaegeshwa mbele ya duka la matairi. Alishuka kijana mrefu, shati la samawati na kikoi cha mistari, akaingia dukani akipangusa vumbi usoni.

Aliyekuwa akihudumu ni Hulda, msichana wa kijiji cha Ngao mwenye diploma ya biashara na gauni la manjano lililopigwa pasi vizuri. Aibu yake ilimfanya azungumze na wateja huku akitazama matairi.

Kijana alijitaja kuwa Sadik. Matairi yake, yale ya meno makubwa, yalikuwa yameisha, naye alitaka mengine kama hayo.

"Unapita wapi?" Hulda aliuliza.

"Lami. Napeleka maziwa ya ngamia Mombasa kila siku."

"Basi meno ya nini? Yatakula mafuta bure, na lami ikilowa hayashiki kama haya laini."

"Na nikitaka kwenda kwenye matope?"

"Huko una nini?"

"Bado sina. Kwenu ni wapi?"

Hulda aliliambia tairi kwamba kwao ni Ngao, ambako lami haifiki. Sadik alicheka, akaondoka bila kununua. Alirudi kesho yake kuuliza tena, na siku nyingine tena, mpaka wenzake Hulda wakaanza kumtania kwamba mteja wake anaogopa kuchagua. Sadik alimpa jina la Daktari wa matairi. Kila jioni alimpigia simu akiwa Mombasa, akamweleza habari za foleni na joto, na Hulda, ambaye ana kwa ana alikuwa hana maneno, kwenye simu alikuwa nayo mengi.

Jioni moja Sadik alipiga simu akiwa njiani. Manyunyu yalikuwa yamelowesha barabara, ng'ombe wakavuka ghafla, na pikapu yenye matairi yaliyokwisha ikateleza mpaka ikageukia ilikotoka. Hakuumia. Hulda hakulala. Asubuhi alimchagulia mwenyewe matairi manne ya lami.

"Chukua haya," alisema, na safari hii alimtazama yeye. "Mimi nataka ufike."

"Na Ngao, mpenzi? Njia yenu ikilowa haya hayaingii."

"Ngao utakuja kiangazi."

Kiangazi ndicho walichopanga kwa posa. Babake Hulda, Mzee Reuben, alikuwa shemasi kanisani, na wazo la mkwe Mwislamu lilimchukua mwaka mzima kulimeza. Mwishowe alikubali kuwasikiliza wageni mara moja, mara moja tu. Sadik naye alimbembeleza amu yake, Mzee Dubow, ambaye hakuona kwa nini kijana wa kwao, wafugaji, aoe kwa wakulima. Siku ikawekwa kabla ya masika.

Masika ya mwaka huo yaliwahi. Mvua ilinyesha usiku kucha kabla ya siku ya posa, na pikapu ilipoacha lami tu, udongo mweusi uliyafunika matairi yote manne yakawa kama vibuyu. Gari likazama mpaka mlangoni. Sadik angeweza kwenda kwa miguu, lakini hakuna mchumba anayetangulia mbele ya mzee wake kwa wakwe, na magoti ya Mzee Dubow yalikuwa hayawezi tope lile. Sadik akachimba kwa mikono, akapiga simu, akachimba tena.

Simu ya Hulda ilikuwa imezimwa, kwenye mkoba wa shangazi yake Kabibi, kwa sababu msichana anayeposwa hashiki simu. Alikaa chumbani na gauni jipya la kitenge, akisikia wazee barazani wakikohoa, kisha wakinong'ona, kisha wakiaga. Wali ulipoa. Aliamini kwamba Sadik amebadili nia, na hakumlaumu. Alijilaumu yeye kwa kudhani kwamba kijana kama yule angekuja.

Alasiri Sadik akatokea peke yake, tope mpaka kifuani. Alikuwa ameshindwa kungoja zaidi. Alieleza kila kitu mbele ya Mzee Reuben, kichwa chini.

"Nilisema mara moja," mzee akasema. "Ndugu zangu wamekaa tangu asubuhi, wameondoka wakinicheka. Mwanangu akiugua masika, nimngoje nani amfikishe hospitalini?"

Hulda alitoka chumbani. Hakuwahi kusema neno katika mazungumzo ya babake.

"Baba, matairi yale nilichagua mimi. Aliniuliza, akanisikiliza."

Mzee Reuben aliinuka. "Basi mlichagua pamoja," akasema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Vijana wa kijiji walienda na majembe na mafungu ya nyasi kulitoa gari. Hulda aliwafuata. Mzee Dubow alikuwa bado ameketi ndani, kanzu imelowa.

"Binti, wewe huna kosa," alimwambia kwa upole. Kisha akamgeukia Sadik. "Mimi sirudi tena huku."

Nyasi zikatandikwa chini ya matairi. Hulda akaingia topeni na kitenge chake, akaegemea bega kwenye pikapu.

"Likitoka, usisimame," alimwambia Sadik. "Ukisimama kabla ya lami litazama tena."

"Nitakuagaje?"

"Usiniage."

Wakasukuma. Matairi yalizunguka bure, yakamwagia tope usoni, kisha yakashika nyasi. Gari likatoka likiyumba. Taa za breki ziliwaka.

"Usisimame!" Hulda akapiga kelele, na taa zikazimika.

Alipofika nyumbani shangazi Kabibi alimrudishia simu. Akaiwasha, na mara ikalia.

"Nimefika lami," Sadik alisema. "Niache gari hapa nirudi kwa miguu?"

Hulda aliutazama mlango wa babake.

"Amu yako hajala tangu asubuhi," akasema. "Mpeleke nyumbani."

Sadik alingoja aongeze neno. Hulda aliishika simu kwa mikono miwili yenye tope, naye akangoja Sadik awe wa kwanza kukata.