Ramani Iliyommaliza Gaudensia

"Mzee Bura... ng'ombe wangu wanaondoka."

Gaudensia alinipa simu yake. Kwenye ramani, vidoti vinne vilikuwa vinatoka Dirma, pole pole, mchana kweupe.

Sisi tuko Maretadu. Tunaangalia tu, kama watu wanaoangalia mpira.

Ngojeni niwaeleze, ndugu zangu.

Marehemu mume wake alikuwa rafiki yangu. Alipougua alijua mdogo wake, Sulle, atajichukulia kila kitu. Tukaswaga ng'ombe wanne mpaka Dirma, kwa rafiki yetu Gidion. Huku kwetu mtu mwenye akili hafugi wote zizi moja. Ukoo haukujua. Kwa ng'ombe hao watoto wake wangekula na kusoma.

Halafu wizi wa mifugo ukazidi. Chama cha wafugaji kikaleta mikanda ya GPS ya kumvalisha ng'ombe shingoni, ili simu ionyeshe alipo. Ng'ombe asiyevaa, haingii joshoni kuogeshwa.

Gidion, mtu mkweli, akawaandikisha kwa jina la Gaudensia.

Na ile ramani? Kila mwanachama anaona ng'ombe wa wote, na jina la mwenyewe.

Mimi nimezunguka sana, nimelinda maghala ya watu miji mingi. Nikasimama kwenye mkutano wa chama.

"Kila mtu aone wake tu. Mwizi naye ana simu."

Kijana wa kampuni ya mikanda akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee. Tukifichana, tutasaidianaje kutafuta?"

Sulle akadakia, "Mzee ametembea mpaka akili imebaki njiani."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, ningefanyaje.

Sasa vidoti vinatembea. Nikampigia Gidion.

"Ni Sulle," akasema. "Amekuja na wazee wa ukoo. Ningewapiga?"

Vikaenda kusimama Endagikot. Tukakimbilia kwa mtendaji wa kata.

"Kesho nakuja mkutanoni kwenu," akasema. "Mama, hapo utanionyesha walipo. Nitawafuata mwenyewe."

Gaudensia alilala na ile simu kifuani.

Kesho yake mtendaji akachelewa. Sulle akasimama, kofia mkononi.

"Nimemfikiria mzee Bura. Alisema kweli. Kila mtu aone wake tu. Tena leo hii."

Mikono ikapanda. Wangu nao ulishaanza kupanda...

Nikapiga kelele, "Ngojeni kwanza mtendaji afike!"

"Mzee, si ni wazo lako?" mwenyekiti akauliza. Wakacheka tena.

Kijana wa kampuni akabonyeza hapo hapo.

Mtendaji alipofika, Gaudensia akamnyooshea simu. Ramani ya kijani, haina kidoti hata kimoja.

"Mbona sioni wangu?"

Kijana akaangalia kompyuta yake. "Mama, hawa wanne wamehamishiwa jina la Sulle tangu jana jioni. Ofisi ya chama ilipokea barua ya ukoo."

"Basi ni mambo ya ukoo hayo," mtendaji akasema. Akawasha pikipiki.

Ndugu zangu, mkiletewa kifaa cha ulinzi, ulizeni kwanza nani anaona, na nani anaweza kubadilisha jina. Ulizeni siku ya kwanza. Sheria nzuri ikichelewa humlinda aliyekwisha kula.

Gaudensia hajaifuta ile app. Asubuhi anaifungua, anaangalia, anaenda shamba.