Kona Iliyotafunwa na Panya

Jua lilikuwa linazama Mama Viraka alipogundua kwamba blanketi la binti yake litapungukiwa vipande. Akatwaa kikapu, akaenda zake soko la mitumba kuwawahi wauzaji kabla hawajafunga. Saa ile ndiyo saa ya masalio: shati lisilo na mkono, suruali iliyochanika, pazia lililoungua kwa pasi, vitu vilivyoshinda juani siku nzima bila kupata mtu. Wenzake huviita takataka. Yeye huvikata, huviunga, na watu hujifunika wakalala.

Jina la Mama Viraka alipewa na wateja, naye hakulikataa. Nyumbani aliishi na watu wawili. Wa kwanza ni binti yake wa miaka sita, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Wa pili ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa maneno makali na mizaha mingi, ambaye alilala kitanda kimoja na Chiriku na kumpenda kuliko macho yake.

Mume alikuwa fundi wa malori. Miezi minne iliyopita lori liliteleza kwenye jeki naye akiwa chini yake. Tangu jioni ya mazishi Mama Viraka hakuwa amelia hata chozi moja. Si kwamba alijikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Chakula kilikuwa chakula, kitanda kilikuwa kitanda, na picha ya marehemu ukutani ilikuwa karatasi ndani ya kioo. Majirani walisema ana moyo wa jiwe. Wifi alimtetea.

"Mwacheni. Kila mtu na kilio chake."

Kisha angetupa mzaha, na waliokuja kutoa pole wangecheka na kuona haya.

Sokoni wauzaji walikuwa wanakunja maturubai. Mwisho kabisa wa safu, mahali ambapo siku zote palikuwa na debe la taka tu, mwanamke mmoja alikuwa amekaa chini na furushi mapajani. Mtandio ulimfunika hadi machoni. Kidoleni alivaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano. Kilikuwa kimechakaa hadi kinang'aa.

"Dada, umebakiwa na masalio?"

"Yako haya."

"Kiasi gani?"

"Chukua yote. Usichague."

"Nauliza bei, dada yangu."

"Ulishatoa neno lako."

Furushi lilinuka nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Na chini ya harufu hiyo... oili chafu ya gari.

Mtu mwingine angebwaga kikapu pale pale akatimua mbio. Mama Viraka alisema asante. Hofu nayo ilikuwa imeondoka pamoja na vile vingine, na hakujua kama ameikosa.

Marehemu mama yake, ambaye pia alishona viraka, alimwachia sharti moja: kipande usichokikata mwenyewe, usikishone. Mtumba una mwenyewe usiyemjua, alikuwa akisema, na mkasi wako ndio unaomwambia kwaheri. Miaka ishirini Mama Viraka alilishika sharti hilo. Lakini alipofungua furushi alikuta vipande vimeshakatwa, vya mraba, vyote saizi moja, na alipokiweka kimoja kando ya safu alizokwisha kushona kikalingana bila kuzidi hata uzi. Alikuwa amechoka. Akakanyaga cherehani.

Taka-taka-taka-taka.

Kipande cha kwanza kilikuwa cheusi. Cha pili kilikuwa cha bluu, kitambaa kigumu cha ovaroli. Chiriku, aliyekuwa amekaa chini ya meza akipanga vifungo, alikinusa.

"Hii ya baba."

"Ovaroli zote za bluu zinafanana, mwanangu."

"Ya baba inanuka baba."

Ovaroli ya baba ilichomwa moto uani siku ya pili baada ya mazishi. Wifi ndiye aliyewasha kiberiti. Mama Viraka alilikumbuka hilo vizuri, akaliweka kando kama mtu anavyoweka sahani, na akaendelea kushona.

Siku ya pili Chiriku hakuuliza kwa nini paka hana nyusi. Siku ya tatu aliacha kuimba akioga. Siku ya nne uji ulimwagikia mkononi ukiwa unatoa moshi, akaufuta na gauni, akaendelea kula. Wifi ndiye aliyepiga kelele na kukimbilia maji baridi.

"Wifi, huyu mtoto ana nini? Mbona kimya? Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Anakua."

"Anakua!" Wifi alimkazia macho. "Mtoto akikua anarefuka, hanyauki."

Mama Viraka alijua kwamba hapo mama anapaswa kuingiwa na wasiwasi. Aliutafuta, kama unavyopapasa funguo mfukoni. Hakuupata. Akarudi kwenye cherehani.

Siku ya tano, jioni, alishona kipande cha mwisho. Kilikuwa cha njano chenye maua madogo meupe. Alikata uzi kwa meno, akalitandaza blanketi mezani. Nyumba ilikuwa kimya.

Tik.

Alifikiri ni bati linapoa.

Tik... tik...

Sauti ilitoka ukumbini. Ilikuja taratibu kwenye sakafu ya saruji, ikanyamaza, ikaja tena. Tik. Mlango ukasukumwa. Alikuwa Chiriku, miguu peku, katika gauni lake la njano lenye maua madogo meupe.

"Mama, kuna kitu kinalia chini."

"Njoo nione."

Mtoto akapiga hatua. Tik. Nyuma yake, kutoka ukumbini hadi mlangoni, kulikuwa na alama za damu, mguu mmoja tu, zimepangana vizuri.

Mama Viraka alipiga magoti, akauinua ule mguu. Sindano ya cherehani ilikuwa imezama kisiginoni, imebaki ncha ya nyuma tu, ile nene, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikigonga saruji.

"Inauma?"

Chiriku alifikiri. "Hapana. Inatakiwa kuuma?"

Aliichomoa. Mtoto hakupepesa hata jicho. Alimtazama mama yake kwa macho ambayo Mama Viraka aliyafahamu, kwa sababu aliyaona kila asubuhi kwenye kioo.

Alipomgeuza kumfunga kitambaa, ndipo alipoona pindo la gauni kwa nyuma. Palikuwa na tundu la mraba. Pande zake zilikuwa zimekatwa safi kwa mkasi, na kona moja ilikuwa na pengo dogo, kama jino lililong'oka.

Pengo hilo alilijua.

Kipimo chake cha kukatia vipande kilikuwa kipande cha kadibodi, na masika yaliyopita panya alitafuna kona yake. Alikuwa mvivu wa kutengeneza kingine. Basi kila kipande alichokata tangu hapo kilikuwa na pengo lile, naye alilificha ndani ya mshono. Hakuna aliyelijua isipokuwa yeye na panya.

Aligeuza blanketi. Akachunguza mishono ya safu za furushi, mmoja baada ya mwingine. Nyeusi, pengo. Bluu, pengo. Shuka ya kitandani kwake, pengo. Pazia lililokuwa bado linaning'inia dirishani, pengo. Njano, pengo. Vyote vilikatwa kwa kadibodi yake.

Na kadibodi ilikuwa ndani ya droo. Droo ilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Wifi aliingia na taa, akaona damu, akaona tundu, akasikiliza yote bila kutia mzaha hata mmoja. Aliposikia habari ya kastabini akaketi.

"Kama yule mgeni wenu wa siku ya mazishi," alinong'ona.

"Mgeni wetu?"

"Yule mama aliyekaa na wewe mlangoni. Alikuwa na kikofia kidoleni. Nikasema moyoni, hawa jamaa za wifi ni mafundi hadi msibani."

"Hakuwa wetu. Mimi nilidhani ni wa kwenu. Nilidhani ni shangazi yenu."

Wakatazamana. Siku ile kila upande ulimpisha, kila upande ulimpa kiti na maji, kwa sababu kila upande uliona aibu kuuliza.

Sasa Mama Viraka alikumbuka. Alikuwa amelia hadi sauti imekauka, na yule mwanamke akamshika mkono, akamwinamia kama ndugu. Naye akasema, kama watu wasemavyo wakizidiwa: "Akitokea wa kuniondolea uchungu huu, nitampa chochote."

"Chochote?" aliuliza yule mwanamke.

"Chochote."

Mwanamke akachomoa uzi uliokuwa umelegea kwenye pindo la gauni jeusi la msiba alilovaa Mama Viraka. Ni jambo ambalo wanawake hufanyiana kila siku. Uchungu ukakatika papo hapo. Alidhani amechoka tu.

"Amekuja kuchukua chake," wifi alisema. "Anamchukua mtoto kidogo kidogo. Na wewe ndiye umemshonea."

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Fumua!"

Mama Viraka alichukua wembe, akaanza na kipande cha njano. Alikata uzi wa kwanza. Uzi ukajirudi. Ulipita tena kwenye matundu yake, polepole, kana kwamba kuna mkono upande wa pili wa kitambaa. Akakata tena. Ukarudi tena.

Kutoka chini ya blanketi kulisikika mgongano mdogo wa chuma.

Sindano ikigonga kastabini.

"Si hapo," wifi alinong'ona. "Ulianza na kipi?"

Alianza na cheusi, cheusi kama gauni lake la msiba. Alikitazama na akaelewa kwa akili tu, kwa sababu moyo haukuwepo wa kumsaidia: akikifumua kile, vyote alivyovitoa vitarudi. Kwa miezi minne alikuwa hajaumwa. Na lazima isemwe, hata kama ni aibu: mkono wake ulisita. Mtoto wake alikuwa amesimama pale anavuja damu bila kujua, na mkono wa mama yake ukasita.

Kisha akakata.

Uzi wa kwanza ukakatika, haukurudi. Akasikia harufu ya oili, safari hii ndani ya kifua. Uzi wa pili, akasikia sauti ya mumewe akisema narudi sasa hivi, niandalie chai. Wa tatu, wa nne. Alikuwa anatweta. Lori, jeki, kiatu kimoja kilichobaki barabarani. Alipofika mshono wa mwisho hakuona kitu kwa machozi, akakata kwa kupapasa, akajikata vidole, na vidole vikauma. Kipande cheusi kilidondoka sakafuni, na nyuma yake safu zote za furushi zikaachia zenyewe.

Mama Viraka alipiga yowe lililokuwa limekaa miezi minne.

Nyuma yake likafuata lingine, jembamba.

"Mamaaa! Mguu! Mguu unaniuma!"

Alimkumbatia, wakaanguka chini pamoja, wakalia. Chiriku alilia kwa kisigino na kwa mkono ulioungua na uji jana yake. Kisha akamlilia baba yake, kwa mara ya kwanza tangu furushi lile liingie ndani. Mama yake alimbusu kichwani na kumwambia lia, mwanangu, lia. Kila kitu kiliuma. Hakuwa amewahi kushukuru kwa kuumwa.

Ilipita muda ndipo akainua macho.

Wifi alikuwa amesimama palepale na taa. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa mkavu, kama wa mtu aliyebeba mzigo mzito hadi mikono ikafa ganzi. Mama Viraka akamwona kana kwamba anamwona mara ya kwanza. Lori lile lilimuua mumewe, ndiyo. Lakini lilimuua pia kaka wa huyu, ndugu pekee aliyekuwa amebaki naye. Watu walikuja nyumbani miezi minne kumpa pole mjane. Wifi aliwapikia, akawachekesha, akaosha vyombo.

Nani aliwahi kumuuliza?

"Wifi," alisema wifi kwa sauti ya chini sana. "Ile miezi minne... ni kweli hukusikia kitu? Hata kidogo?"

Mama Viraka alimvuta Chiriku karibu zaidi.

"Hata usiku?"

"Wifi, usi..."

"Nauliza tu." Akatabasamu, akaweka taa mezani. "Mpe mtoto maji. Nitafagia haya matambara nikayachome."

Moshi ulionekana uani, na Mama Viraka, akiwa amechoka kwa kilio, alilala na mwanawe kifuani.

Kesho yake Chiriku aliamka na maneno yote aliyokuwa amedaiwa wiki nzima. Aliuliza habari za paka, za nyusi, na kwa nini damu si ya bluu. Mama yake alicheka, akalia, akacheka tena. Jioni alitoka uani kuanika nguo. Jivu la jana lilikuwa dogo mno. Alilichokoa kwa kijiti. Kulikuwa na majani makavu tu na gazeti.

"Chiriku, shangazi yako yuko wapi?"

"Ametoka na kikapu. Ametia yale matambara."

"Amesema anakwenda wapi?"

"Sokoni. Nimemwambia sasa hivi wanafunga, akasema ndiyo saa nzuri." Chiriku alijikuna kisigino. "Na amenikata kidogo nywele, hapa nyuma. Amesema nisikuambie."

Jua lilikuwa linazama.