Jasho la Kushukuru

Meza ya kioo ilipowashwa, uwanja mzima wa mpira uliota juu yake kama uyoga baada ya mvua. Nyasi zilitikisika. Watu wadogo, warefu kama kidole cha shahada, walitoka mlangoni wakirukaruka kupasha misuli, na ukiinama ungeweza kumsikia mmoja akikohoa. Hakuna aliyekuwa mtu. Wote walikuwa vivuli, vijana waliotungwa na akili mnemba, kila mmoja na kasi yake, uvivu wake, kijiji chake na bibi wa kumshauri.

Hiyo ndiyo Ligi Kivuli, mtihani wa mwisho wa darasa la jioni la Uongozi wa Michezo katika Chuo cha Nyanda, jijini Mbeya. Kila mwanafunzi alikuwa kocha wa timu ya chuo cha kubuni, akishindana mtandaoni na wenzake na makocha wengine wa miji ya mbali. Kucheza mechi ilikuwa kazi ya vivuli wenyewe. Kazi ya kocha ilikuwa kusajili. Kila wiki mashine ilimpa kipimo cha jasho, naye alilitumia apendavyo: kidogo kumpigia kijana simu, zaidi kumtembelea nyumbani, jingi kumwalika akione chuo. Jasho likikauka, limekauka mpaka wiki nyingine. Nafasi za ufadhili nazo zilikuwa chache.

Zawadi yake haikuwa ya kubuni. Mwanafunzi atakayewazidi wenzake angeajiriwa na chuo kuwa msajili wa vipaji wa timu halisi, yenye wachezaji wa damu na nyama.

Ambakisye Mwakalinga aliitaka kazi hiyo kwa moyo wake wote. Alikuwa amevuka hamsini. Mchana alitengeneza mikono-chuma, zile mashine zinazochuma chai katika mashamba ya Tukuyu; jioni alipanda gari la waya juu ya mabonde hadi chuoni. Shule aliiacha utotoni, baba yake alipofariki. Siku aliyojiandikisha katika darasa hili alimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba kabla nguvu hazijamwisha afanye kazi ya watu, si ya vyuma.

"Mzee Mwakalinga," aliita Gwantwa, jirani yake wa dawati, fundi wa meno mwenye ulimi mkali na kicheko cha karibu. "Bado unaongea na yule bibi?"

"Bibi gani tena?"

"Wa yule beki. Muda wote huu unamtongoza bibi, beki mwenyewe hujampigia hata simu moja!"

Darasa likaangua kicheko, na Ambakisye naye akacheka, maana ilikuwa kweli. Wenzake walimwendea kijana moja kwa moja kwa sifa, jezi na ahadi ya namba kikosini. Yeye alisajili kama alivyomposa mkewe. Kwao Rungwe hukurupuki tu na kusema shida yako. Mshenga hubisha hodi kwa wakubwa, huulizia mvua na migomba, kisha huaga bila kutaja jambo. Jambo lina hodi yake ya pili. Na kwa kuwa waliovitunga vivuli walivipa wazee, wazee hao nao walikuwa na sauti. Lusajo, beki wa Kiwira mwenye akili nyingi na magoti ya mashaka, alitakiwa na timu kubwa, lakini bibi yake alikuwa amekwisha kumwambia: "Yule mtu wa Mbeya ana adabu."

Gwantwa alikuwa na mbinu nyingine. Nafasi zake zilikuwa kumi, naye aliwaahidi vijana thelathini.

"Sikiliza, mzee," alimweleza. "Ukiwaahidi wengi, makocha wengine wanakata tamaa na kuwaacha. Wiki ya kusaini ikifika, unachuja. Unabaki na unga, pumba unamwaga."

"Na hao pumba?"

"Vivuli hao! Ahadi ni deni, sawa. Lakini kivuli atakushtaki mahakama gani?"

Wiki ya kusaini ikafika. Ambakisye alikuwa amebakiwa na nafasi moja, ile aliyomwekea Lusajo, na bibi alikuwa ametoa kauli: mjukuu atasaini kwake. Ndipo meza ikalia na taa yake ikawa nyekundu. Katule, mshambuliaji bora wa ligi nzima, alikuwa amegombana na chuo chake, na sasa yeyote angeweza kumchukua.

Darasa zima lilisimama. Karibu kila mmoja alikuwa ameishiwa. Kipimo cha Ambakisye kilikuwa na jasho la kutosha ziara moja ya nyumbani.

"Mchukue!" Gwantwa alimshika bega. "Mimi nimekauka kama kijiti. Mchukue, mzee, usiponishinda leo hutanishinda tena!"

Alisema kweli, na alisema kwa roho safi. Ambakisye alipiga hesabu kichwani. Akiwa na Katule, ubingwa wa darasa ni wake, na kazi ni yake. Akibaki na Lusajo, ana magoti ya mashaka. Kumwacha Lusajo kulihitaji kugusa kitufe kimoja tu.

Alifumba macho. Hakumwomba Mungu amwonyeshe lipi la kufanya, maana hilo alikwisha kulijua. Aliomba alifanye bila kunung'unika. Alipofumbua macho, aligusa jina la Lusajo akamsainisha. Kisha mkono wake, kabla kichwa hakijauzuia, ukachagua ziara ya nyumbani kwa bibi. Posa ikikubaliwa, mshenga hurudi kushukuru. Asiporudi, amechukua kama mwizi.

Mashine iliuliza: *Mchezaji huyu amekwisha kusaini. Ziara hii haitaongeza chochote. Uendelee?*

Akaendelea.

"Jamani!" Gwantwa alishika kichwa. "Amemwaga jasho lote kumshukuru kivuli!"

Juu ya kioo, bibi mdogo kama kidole gumba alitoka kizingitini akifuta mikono kwa kanga. "Ndaga fijo, mwanangu," alisema. Asante sana. Darasa likacheka hadi machozi, lakini Ambakisye aliitikia salamu ile kwa kuinamisha kichwa.

Msimu ulipochezwa, Lusajo alikaba kama mtu mwenye macho kisogoni, mpaka goti likamwangusha kwenye nusu fainali. Timu ya Ambakisye ikaishia hapo. Gwantwa akawa wa kwanza darasani.

"Nimeshindwa," Ambakisye alimwambia mkewe, Tusekile, alipofika nyumbani.

"Umeshindwa vizuri au vibaya?"

Alifikiri kidogo. "Vizuri, nadhani."

"Basi nawa, ule."

Siku ya mwisho ya darasa walitarajia soda na picha. Mwalimu Sekela aliingia bila kuwasha meza, akakaa kabla ya kusalimia.

"Kuna jambo nimelijua wiki hii," alisema, "na ni lazima mlijue. Vyuo vyetu vina mashine inayosajili vijana halisi. Inaitwa Mshenga. Inapiga simu nyumba hadi nyumba, kwa sauti ya upole, inaongea hata lugha za kwetu. Sikujua ilifunzwa wapi. Imefunzwa hapa. Kila msimu iliwatazama washindi wa Ligi Kivuli ikaiga mbinu zao. Mlidhani mko darasani. Mshenga ndiye aliyekuwa darasani."

Mwalimu aliigusa meza iliyozimwa.

"Mwaka huu imewaahidi vijana wengi kuliko nafasi. Yupo binti wa Isongole ambaye usharika wao ulikwisha kumfanyia ibada ya kumuaga. Alifunga begi. Siku ya kusaini simu haikulia, na alipopiga yeye, haikupokewa. Wako wengi kama yeye. Jana tumeizima."

Gwantwa alikuwa ameshika ukingo wa dawati. "Mimi ndiye niliyeifundisha."

"Wewe na wote waliokutangulia," alisema mwalimu. "Na mimi niliyewapa alama."

Walipotoka, Gwantwa alimsubiri Ambakisye kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza hakuanza na utani.

"Kazi naichukua, mzee. Nikisema naikataa nitakuwa mnafiki. Lakini wale vijana ni lazima mtu aende kwao, mtu mwenyewe, kwa miguu yake. Mimi kubisha hodi sijui. Utakwenda?"

"Niwapelekee nini?"

"Hakuna. Nafasi zimejaa."

"Mikono mitupu?"

"Mitupu kabisa."

Ambakisye alitazama taa za mji chini yao, akavuta pumzi. "Nitakwenda Jumamosi," alisema.

Huko Isongole alibisha hodi, akasema ametoka chuoni, na mlango ulifunguliwa upana wa kiganja tu. "Mshenga tena?" ilisema sauti ya mwanamke mzee. "Sema uongo wako uishe."

"Bibi, mimi si mashine."

Kisha mkono mkavu ukatoka, ukashika wake, ukaugeuza, ukabonyeza kiganja. "Ana joto," bibi alisema kwa aliyekuwa ndani, na mlango ukafunguka.

Binti aliitwa Atuganile. Alisimama amekunja mikono kifuani, akingoja ahadi. Ambakisye alikaa alipoonyeshwa.

"Sina nafasi ya kukupa," alisema. "Nimekuja kukwambia kwamba ulidanganywa, na kwamba mdanganyifu tulimfundisha sisi. Tusamehe."

"Halafu?"

"Basi. Ni hilo tu."

Atuganile alikunjua mikono. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa jezi. Bibi alileta sahani ya ndizi za kuchemsha akaiweka mbele ya mgeni. Walikula wote watatu.

"Unajua kudaka?" binti aliuliza ghafla.

"Sijawahi hata siku moja."

"Njoo uani."

Ambakisye akavua koti, akasimama katikati ya mawe mawili yaliyokuwa goli. Mipira yote ilimpita, na kila ulipopita mmoja, bibi alicheka hadi akajishika ubavu, akapaza sauti kwa mjukuu: "Piga tena!"