Mwanamume wa Kwenye Bango

Kwanza ilisikika sauti ya bibi kizee, ikivutika kama uji mzito, kisha ikanywea ikawa mguno.

"Kaseti imemezwa," Ayuen alisema, macho yake bado kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. "Usiivute."

"Nimeshaivuta," msichana akajibu.

Ndipo Ayuen akainua kichwa. Soko la kambi ya Kakuma lilikuwa limefurika Jumamosi ile ya mwaka 1997, wanawake wa Kiturkana na magunia yao ya makaa, Wasomali na vitambaa vyao, lakini macho ya Ayuen hayakufika huko. Yalikomea kwa msichana mwenye sketi ya kitenge cha buluu, raba zilizogeuka rangi kwa vumbi, na kinasa sauti alichokikumbatia kama kifaranga mgonjwa.

Ayuen naye hakuwa wa kupitwa hivi hivi. Mdinka mrefu wa miaka ishirini na sita, chale za utu uzima kwenye paji la uso, shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa likanyooka kama karatasi. Aliuzungusha utepe kwa kalamu ya risasi, polepole, polepole makusudi, ili apate kumjua.

Alikuwa Chepkemoi, mzaliwa wa Kericho. Alifanya kazi Lodwar katika shirika moja la maji, akichora kwa kompyuta mabango ya kuwafundisha wasiojua kusoma namna ya kutunza maji. Kabla ya kuchora chochote alikuja kukaa na watu, awaulize, awarekodi.

"Maji ni maji," Ayuen akamchokoza. "Ungechora tu."

"Nilichora. Mkono unamimina maji mtungini. Mkono peke yake. Akina mama wakaniuliza ni nani aliyemkata huyu mtu."

Ayuen hakucheka. Wanawake wale walikuwa wametoka vitani. "Wewe unahitaji mkalimani, madam," akasema. "Umempata. Ila mimi situmwi soda."

"Nani amekutuma? Soda nitanunua mimi."

Wakazunguka pamoja wiki sita, nyumba kwa nyumba. Chepkemoi alimfundisha asiwaulize watu kama wanafunika maji, kwa maana kila mtu atasema ndiyo. Awaombe wamwonyeshe maji ya asubuhi yako wapi. Wakishajibu anyamaze, ahesabu moyoni hadi tano, kwani neno la kweli huja mwisho. Ayuen, ambaye ulimi wake haukujua kulala, alifika mbili akaanza kuongea. Chepkemoi akawa anamkanyaga kidole cha mguu. Hazikupita wiki mbili Ayuen alikuwa akikosea kwa makusudi, apate kukanyagwa.

Siku moja, wakiwa nje ya nyumba ya shangazi yake Nyabol, kaseti ilifika mwisho na Chepkemoi akazima mashine. Hapo Ayuen akamweleza jambo ambalo hata rafiki yake Mou hakulijua. Mwaka uliopita Nyabol alilala na homa mwezi mzima, na mwanamke mwingine nyumbani hakuwepo. Kila alfajiri, kabla kambi haijaamka, yeye Ayuen, mwanamume mwenye chale, alikwenda bombani akarudi na ndoo kichwani kama msichana. Kwao jambo hilo halisemeki.

"Kwa nini unaniambia mimi?" Chepkemoi aliuliza.

"Kwa sababu unajua kunyamaza."

Akanyamaza kweli. Kisha akamshika mkono, na hawakuachana mpaka jua lilipokwenda.

Miezi miwili baada ya Chepkemoi kurudi Lodwar, mabango yaliletwa kwa lori yakabandikwa kwenye kila bomba. Mou ndiye aliyekuja kumwita. Bangoni alisimama mwanamume mrefu, mzima kuanzia utosi hadi unyayo, shati jeupe, chale pajini, ndoo yenye kifuniko kichwani.

"Ndugu yangu," Mou akasema, akijifuta machozi ya kicheko, "hata kwangu maji yameisha."

Siku tatu Ayuen hakufungua kibanda. Barua tatu za Chepkemoi zililetwa na madereva. Zote zilirudi Lodwar bila kufunguliwa. Alijiambia hakuwahi kupendwa, alihojiwa tu, na neno hilo lilimchoma kuliko vicheko vyote vya soko.

Wiki iliyofuata Ayuen alimkuta Chepkemoi kwenye bomba la karibu na kwa Nyabol, mabango yaliyobanduliwa kwapani, kucha zimejaa gundi.

"Wamekutuma uyatoe?"

"Hakuna aliyenituma. Huenda nikirudi nisikute meza yangu. Yamebaki manne."

"Mashine ilikuwa imezimwa, Chepkemoi."

"Najua."

Alimweleza kwamba mchoro hurudishwa kwa wenyewe wauone kabla haujachapwa. Mkubwa wake alikuwa na haraka, naye akakubali hatua hiyo irukwe. Hilo lilikuwa kosa dogo.

"Kubwa ni hili," akasema. "Nilitaka kuchora mtu anayejali maji, na kila uso niliouanza ukawa wako. Nikajidanganya ni kazi. Nilikuwa nimekukumbuka, Ayuen. Lakini siri yako haikuwa yangu kuwaonyesha watu. Nisamehe."

Kabla Ayuen hajapata neno kali, Nyabol aliyekuwa kwenye foleni, ambaye Kiswahili alikielewa ila hakukisema, akasema kitu kirefu kwa Kidinka. Chepkemoi akamtazama mkalimani wake.

"Anasema yuko hai kwa sababu ya ile ndoo."

Chepkemoi akahesabu moyoni hadi tano. "Na lile lingine?"

"Anasema mimi ni mjinga, naona aibu kwa jambo la heshima." Alipumua. "Na anasema mtu anayekiri kosa lake mbele ya foleni ya bomba hafukuzwi."

"Na wewe unasemaje?"

Ayuen alichukua yale mabango kutoka kwapani mwake. Aliitazama foleni nzima, na Mou aliyesimama kando akichungulia, kisha akapaza sauti ili asikose mtu kusikia.

"Nitaomba kibali cha kutoka kambini. Nitafika Kericho, nisimame mlangoni kwa mama yako mchana kweupe, nimwambie sina ng'ombe hata mmoja, na kwamba binti yake nampenda. Majirani wote wasikie. Nakuahidi, mpenzi."