Kiki na Chungu cha Kupozea Dawa

Kila asubuhi nyumbani kwao, mtaani Katuba, kabla ya chai, Ntumba alijitoboa kidole, na mdogo wake Kiki, mwenye miaka kumi na miwili, alikimbilia kusoma namba kwenye kipimo cha sukari. Ntumba ana kisukari tangu utotoni. Mwili wake hautengenezi insulini, kwa hiyo hujidunga sindano kila siku. Jumatatu angehamia bweni la chuo kikuu, na huko hakukuwa na friji.

Clément, muuguzi wake, aliwafundisha kutengeneza friji ya chungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa. “Dawa ipoe, lakini isigande,” alionya. Kiki, ambaye maswali hayamwishi, hakuridhika. Baridi bila umeme? Akamuuliza mkubwa wake:

“Yaya, udongo utaleta baridi namna gani? Courant haiko!”

“Mayi ikikauka, inaenda na joto,” alijibu Ntumba. “Gusa.”

Kiki aligusa ndani ya chungu walichotengeneza. Kweli, palikuwa na ubaridi. Lakini je, ulifikia ule wa friza ya jirani yao, Mama Marie-Thérèse, muuza barafu? Swali hilo likamkosesha raha. Jumamosi, Ntumba alipokwenda sokoni, Kiki alitoa chunguni chupa mpya ya insulini akaitia kwenye friza ile, alinganishe ubaridi. Dakika kumi tu, alijiambia. Wenzake wakamwita kuruka kamba, akasahau mpaka alasiri.

Alipoitoa, dawa ilikuwa imeganda. Akaifumbata viganjani hadi ikayeyuka, akaiinua juani: maji maangavu, kama zamani. Nani angejua? Akairudisha chunguni kimya kimya.

Jumapili Ntumba alikuwa akifunga mizigo. “Hii nitaanza nayo kule,” alisema, ameshika chupa ileile.

Kiki alitamani kukimbia, lakini akaikamata ile chupa.

“Yaya, usijidunge nayo! Iligandaka. Ni mimi nilitiaka mu congélateur ya Mama Marie-Thérèse.”

Ntumba aliketi kitandani. “Kiki! Ungeniua!”

Jumatatu, badala ya Ntumba kwenda chuoni, mama yao Madeleine aliwapeleka wote wawili zahanati kwa Clément. Ntumba alikosa siku ya kwanza ya masomo, na Kiki aliona aibu hata kuinua macho. Clément akaweka kando chupa iliyoharibika, akatoa nyingine.

“Dawa yenye iligandaka unaona ni nzima, kumbe nguvu imeisha,” alimwambia Kiki. “Ungenyamaza, yaya yako angezidiwa kule, na hakuna muntu angejua sababu. Kuuliza iko muzuri, mutoto wangu, endelea. Lakini usijaribu na kitu chenye kinabeba maisha ya muntu. Na ukikosa, sema mbiyo, hata kama unaogopa.”

Ntumba hakuwa amemsemesha mdogo wake tangu jana. Sasa akamwekea chupa mpya kiganjani.

“Beba we,” alisema. “Twende.”