Sauti ya Bibi Apolinaria

Jioni, kijijini Ipole, kulinukia asali na moshi wa kuni. Alois alirudi kutoka kwenye mizinga yake. Mkewe Pelagia alimwogesha mtoto wao, Koleta, kisha wakawasha redio kaseti.

Katika kaseti moja aliimba Apolinaria, mama yake Pelagia. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza, kwa Kinyamwezi. Bibi huyo alifariki kabla Koleta hajazaliwa, na hakuacha sauti nyingine.

Siku hizo sauti ilianza kuvuta. Bibi aliimba polepole, kama mtu anayesinzia, mpaka akawa na sauti nzito ya kiume.

"Betri zimechoka," alisema Alois. Akazianika juani. Wapi! Akafungua mashine, akaona mkanda mdogo wa mpira. Mrina asali hana dawa nyingine: akaupaka nta ya nyuki.

"Sasa utateleza vizuri, Mama Koleta."

Uliteleza kweli. Bibi alinyamaza katikati ya wimbo, na utepe wa kaseti ukajikunja ndani ya mashine. Pelagia akaangua kilio.

"Baba Koleta, umemzika mama mara ya pili!"

Asubuhi walipanda basi hadi Tabora, kwa fundi Selemani wa Isevya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Selemani aliinusa mashine, akacheka. "Ndugu, hii ni redio au mzinga?"

"Itengeneze tu, tuipige tusikie," alisema Alois.

"Ngoja kwanza. Mashine ina vipuri. Sauti ya marehemu haina. Tuokoe sauti, ndipo tutafute ugonjwa. Mashine ikianza kuvuta, acha kuipiga. Ukirudiarudia, inautafuna utepe."

Aliuchomoa utepe taratibu, akaunyoosha, akauzungusha kwa penseli. Akaiweka kaseti katika mashine yake nzima. Mbele yake akaweka mashine ya pili, yenye kaseti mpya ya kurekodi.

"Nyamazeni. Itanasa kila kitu."

Bibi akaimba. Pelagia alifumba macho, akajiona yuko Goweko uani kwao, mdogo, mgongoni mwa mama. Mara Koleta naye akaanza kuguna, akiufuata wimbo. Hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Wimbo ulipokwisha tu, utepe wa zamani ukakatika. Pelagia alishika mdomo. Selemani akapiga kaseti mpya: Bibi alikuwemo.

Ndipo akaigeukia redio. Alijaribu betri mpya na kaseti yake ya majaribio, bado ilivuta. Akasafisha kichwa kinachosoma utepe kwa pamba na spiriti, bado. Akautoa mkanda. Ulikuwa umelegea, tena una nta.

"Mkanda kazi yake ni kushika, si kuteleza," alisema, akifunga mwingine. "Nta katengenezee mishumaa."

Kabla hawajaondoka aliwanakilia kaseti nyingine. "Hii mpelekeeni ndugu. Kitu cha pekee kisikae mahali pamoja."

Jioni ile, Ipole, Bibi aliimba kwa sauti yake mwenyewe. Katikati ya wimbo, sauti ndogo ikamwitikia kutoka redioni.

"Wameonana," alisema Pelagia.

Koleta alikuwa amekwisha kulala.