Kabla ya Kufunga, Angalia Nyuma

Tok.

Tegan Triffitt aliacha kuosha sahani, mikono ikiwa bado ndani ya povu.

Sauti ile aliijua. Kwa wiki tatu alikuwa akiitoa yeye mwenyewe, na alikuwa ameanza kuipenda: mpini wa mwiko wa uashi ukigonga mgongo wa tofali ili likae sawa juu ya mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga. Lakini mwiko wake ulikuwa mezani, umeoshwa, unakauka juu ya gazeti. Na Jory, mwanawe wa miaka sita, alikuwa amelala.

Alisubiri. Maji yalipoa. Sauti haikurudi.

“Bati linajikunja kwa baridi,” alijiambia. Ilikuwa saa kumi na mbili tu jioni, lakini Juni huku ni katikati ya majira ya baridi, na giza lilikuwa limeshalimeza bonde lote la Huon, na mashamba ya matufaha hayakuonekana tena.

Kutoka chumbani kwa Jory kikaja kikohozi. Kikavu, kirefu.

Kikohozi hicho ndicho kilichomfanya ajifunze uashi. Chumba cha mtoto kilikuwa na meko ya zamani iliyozibwa kwa ukuta uliovimba kama tumbo. Tegan aliubomoa akitaka kuujenga upya, vizuri. Nyuma yake alikuta masizi, na kiatu kimoja cha mtoto, ngozi yake imekakamaa. Hakushtuka. Waashi wa zamani wa huku waliweka kiatu ndani ya dohani, njia ya moshi, ili kiilinde nyumba. Kila mtu anajua hivyo. Alikipiga picha, akawatumia rafiki zake, akakitupa.

Tangu siku hiyo baridi ilimiminika kutoka kwenye dohani kama maji, na kifua cha Jory kikazidi. Mafundi walisema watakuja Septemba. Basi akajitolea jirani, mzee Col Direen, mwashi mstaafu, aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo hiyo ya Tegan.

“Ukuta wako umelewa, binti,” alimwambia siku ya kwanza. “Na mimi bia yangu hata sijaifungua.”

“Nimepima, mzee Col. Pima maji inasema uko sawa.”

“Pima maji inakuonea huruma. Bomoa.”

Alibomoa. Akajenga. Akabomoa tena. Alijifunza kutandaza mota bila kuimwaga, kuvuta uzi, kulisikiliza tofali linapokaa. Na kila jioni mzee alirudia jambo moja, bila utani:

“Kabla ya kufunga, angalia nyuma. Na usifunge bila mimi.”

Kwa nini bila yeye?

Hapo ndipo shaka ilipoanza. Mara mbili Tegan alimkuta amepiga magoti, kichwa kimezama ndani ya meko, ananong’ona. Nyumbani kwa mzee kulikuwa na picha ya watoto wawili mbele ya nyumba hii.

“Huyu ni wewe. Na huyu?”

“Yule mwingine.”

“Hana jina?”

“Alikuwa nalo. Baba alikataza lisitajwe.” Mzee aliigeuza picha ikatazama ukuta. “Chai yako inapoa.”

Na jana asubuhi, kwenye safu ya tano, mota ilikuwa imesukumwa kuja nje. Matundu manne madogo, yamepangana. Kama mtu amepitisha vidole...

Kutokea nyuma.

“Panya,” Tegan alisema.

Mzee Col aliyatazama matundu yale kwa muda mrefu. “Acha wazi palipobaki,” alisema. “Siku mbili. Nakuomba.”

Anataka nini na nafasi hiyo isiyofungwa? Anamsubiri nani?

Kikohozi kikaja tena. Redio ilikuwa imesema usiku huo maji yataganda mabombani. Tegan alikausha mikono, akachanganya mota kwenye beseni, akachukua mwiko.

Hakuwasha taa ya chumbani. Hakutaka kumwamsha mtoto. Mwanga wa ukumbini ulitosha. Blanketi la Jory lilikuwa limetuna kitandani. Juu ya ukuta mpya lilibaki tundu la matofali manane, upana wa mto wa kulalia. Kiti kilikuwa karibu na ukuta. Alikisogeza kwa goti.

Tofali la kwanza. La pili. La sita. La saba. Ukuta ulikuwa mzuri, mnyoofu, wa fundi kabisa. Alisukuma la nane, akaligonga kwa mpini.

Tok.

Ukuta ukajibu.

Tok.

Tegan alisimama kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Harufu ya masizi mabichi ikajaa puani.

“Mama...” Sauti ndogo, nyuma ya matofali. “Mama, giza.”

Alirukia kitanda, akavuta blanketi. Mito. Mito miwili tu.

“Jory!”

Alikwapua nyundo. Mota ilikuwa bado mbichi. Pigo moja lingetosha. Aliinua mkono, na mkono mwingine ukamkamata kwa nyuma.

Mzee Col. Alikuwa amepitia mlango wa jikoni, na sweta lake limeloa umande.

“Niache! Mwanangu yumo!”

“Uliangalia nyuma?”

“Niache, mzee!”

“Uliangalia?”

Hakuangalia. Alijua hakuangalia.

“Nisikilize,” mzee alinong’ona. “Nilikuwa na miaka tisa. Baba ananifundisha. Ukuta wangu wa kwanza ulikuwa huu, hapa hapa. Nikasikia kugongwa kwa nyuma, nikadhani ni Baba ananitania. Nikajibu. Nagonga, anagonga. Tulicheka. Nikafunga.” “Usiku Baba aliubomoa kumtafuta ndugu yangu. Alikuta kiatu kile ulichokitupa, basi. Hakuna mtoto. Akaujenga upya, akawaambia polisi maji ya mto yamemchukua.”

Tok. Tok.

“Mama, nitoe. Nakohoa.”

“Ni sauti yake!” Tegan alilia.

“Hata mimi nilimsikia hivyo. Miaka sitini na tatu. Ukibomoa, atakayetoka ndiye utakayemlea.”

Nyundo ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Alimtazama mzee huyu, macho mekundu, mkono unaong’ang’ania, na hakujua. Anamwokoa mtoto? Au anawazuia wengine wasijue alichokizika humo?

“Mama?”

Sauti hiyo ilitoka mlangoni.

Jory alikuwa amesimama ukumbini, katika nguo zake za kulalia, anapangusa macho.

Nyundo ilianguka. Tegan alimfikia kwa hatua mbili, akamkumbatia, akambusu nywele, akacheka na kulia pamoja. “Ulikuwa wapi, baba? Ulikuwa wapi?” Mtoto alikuwa baridi sana. Atakuwa alitoka nje, msalani. Atakuwa alikanyaga umande.

Nyuma ya ukuta, kugonga kulizidi. Haraka. Kwa ngumi sasa. Kikohozi kikavu, kirefu...

“Usisikilize, mwanangu. Imekwisha.”

Jory hakumtazama. Alikuwa akimchungulia mzee Col juu ya bega la mama yake, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Kisha alitabasamu.

“Col,” alisema. “Mbona umezeeka hivyo?”

Hakusema babu. Siku zote alimwita babu.

Mikono ya Tegan ilibaki imemzunguka mtoto. Hakuweza kuifungua, hakuweza kuikaza. Viganjani, mgongoni mwa nguo iliyoonekana safi, alihisi unga laini wa masizi.

Mzee alivua kofia yake polepole. Hakuelekea ukutani. Alimwelekea mtoto, akalitaja jina ambalo baba yake alikataza lisitajwe.

“Ossie?”